Ryzen 5 5600G au Core i5-12400F: herufi moja ilivyonila laki tatu na ushee hapa Kigoma

Mimi ni mpiga picha na naediti video hapa Kigoma mjini, studio iko Mwanga, chumba kimoja chenye pazia la kijani na meza mbili. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Kasulu alinipigia kuniuliza achukue prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ipi kati ya hizi mbili, Ryzen ya AMD au Core ya Intel, nikajikuta naongea naye mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi tukaendelea. Maana hilo swali mimi nimelilipia ada. Nikaona bora niandike yote mara moja, hata yale ya aibu.

Mpaka 2023 nilikuwa natumia dekstopu ya mtumba, zile za maofisini zinazoshuka na kontena, Core i7-3770. Nilivyoinunua nilitembea kifua mbele kabisa kwa sababu ni i7, na kichwani kwangu i7 inaipiga i5, i5 inaipiga i3, hesabu imeisha. Hakuna aliyeniambia kwamba ile 3 inayoanza kwenye 3770 ndiyo yenye habari yenyewe, kwamba ni kizazi cha tatu, prosesa ya mwaka 2012, viini vinne. Yaani nilinunua mzee wa miaka kumi nikamvalisha suti. i5 ya kizazi cha kumi na mbili, hata ile ya bei ya chini, inaiacha i7 ya hivyo kwa mbali sana, siyo suala la ubishi hata kidogo.

Kazi zangu nyingi ni harusi, send-off, na mahafali. Video ya saa moja na nusu nilikuwa naiweka irende, yaani mashine iitoe kama faili moja lililokamilika, saa nne usiku, nalala pale pale kwenye kochi, alfajiri ndiyo inakaribia kuisha. Sasa kuna harusi moja ya Ujiji, familia ilikuwa inarudi Dar na treni kesho yake na walitaka waondoke na video yao. Saa tisa usiku umeme ukakatika. Mstari ulikuwa umefika asilimia 87, hiyo namba siwezi kuisahau, na sikuwa na UPS, kile kibetri cha kushika mashine umeme ukikatika. Umeme umerudi saa kumi na moja, programu ikaniambia nianze upya. Nilienda stesheni na simu mkononi kuwaomba radhi, mama wa bibi harusi ananitazama tu haongei. Bora angenitukana.

Hapo ndipo nikasema nafunga mashine mpya.

Nilikuwa na milioni moja na laki mbili, na nikapanga kwamba kasha na pawa saplai nitatumia vya ile mtumba, ninunue prosesa, mazabodi (ubao mkuu unaobeba vyote), ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski) tu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Hizi kompyuta za maofisini nyingi zina mazabodi ya umbo lake na pawa saplai yenye plagi zake, mazabodi ya kawaida ya dukani haikai humo ndani na waya hazifanani. Kwa hiyo kabla sijafanya lolote, laki moja na sitini imekwenda kwenye kasha na pawa saplai ambavyo sikuvipangia. Ukitoka kwenye mtumba weka hiyo kwenye bajeti mapema.

Sasa kwenye prosesa. Kuna kijana wa dada yangu, yuko chuo Dodoma, mwaka uliotangulia alishafunga yake yenye Ryzen 5 5600G. Nikampigia.

"Anko, chukua 5600G, ina grafiki humo humo ndani. Unachomeka monita unafanya kazi, haina maswali."

"AMD si zinachemka sana?"

"Anko, hiyo stori ya enzi za FX, AMD za zamani. Ryzen zimetoka tangu 2017."

Sikumsikiliza. Nilimwona mtoto wa magemu, na mimi nina kazi ya hela. Nikakaa mwenyewe na simu siku tatu nalinganisha, na kwa kweli kwenye karatasi zile prosesa mbili ni kama mapacha. Zote zina viini sita na nyuzi kumi na mbili, maana yake ni kama karakana yenye mafundi sita na kila fundi anaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Zote zinafika 4.4 gigahezi (mipigo bilioni 4.4 kwa sekunde) zikikimbia. Zote zimeandikwa wati 65. 5600G iliingia madukani Agosti 2021, ile ya Intel ikatoka Januari 2022.

Tofauti ya kwanza inayokuruka machoni ni spidi ya chini, Ryzen imeandikwa 3.9 na Intel imeandikwa 2.5. Watu wengi wanaikimbia Intel hapo, na wanakosea, kwa sababu ile 2.5 ni kiwango cha dhamana tu ikibanwa kwenye zile wati 65. Kwenye kazi halisi viini vyote sita vikiwa vimekamata mzigo inakaa kama 4.0, tena kila mpigo mmoja inafanya kazi nyingi zaidi kuliko Ryzen ile. Kwa hiyo usilinganishe gigahezi za kampuni mbili, ni kama kulinganisha hatua za mtoto na hatua za mtu mzima kwa kuhesabu hatua.

Hizo wati 65 nazo msiziamini. Intel wenyewe wanaandika kwamba 12400F ikiachiwa inaweza kufika 117, na Ryzen za 65 zinaruhusiwa kuvuta mpaka 88. Nitarudi hapo kwenye habari ya UPS.

Basi nikaamua Intel. Nikamtafuta muuzaji Kariakoo kwa WhatsApp, akanitumia bei: i5-12400 laki nne na nusu, i5-12400F laki tatu na sabini. Nikamuuliza hiyo F ndio nini. Akajibu, na meseji ninayo mpaka leo: "hamna tofauti kaka, hiyo F ni ya bei nafuu tu, spidi ile ile." Na kusema ukweli hakudanganya kwenye spidi. Nikalipa ya F, nikajiona mjanja nimeokoa elfu themanini.

Mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi jioni, mazabodi ya H610, ramu mbili za 8GB, SSD, na prosesa ndani ya kijimfuko cha plastiki imezungushiwa yale mapovu ya kupasua. Haina boksi, haina feni. Hiyo ndiyo maana nyingine ya bei kuwa nzuri, wanaiuza ikiwa uchi, ndiyo inaitwa ya trei. Ya kwenye boksi inakuja na feni yake, na hata Ryzen ya dogo wa Dodoma ilikuja na feni yake kwenye boksi. Kama unanunua kwa simu uliza swali hili kwa maneno haya haya: ni ya boksi au ya trei, feni ipo?

Nikasema si tatizo, feni ya ile i7 si ipo. Nikaifungua, nikafuta ile pesti ya zamani (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) iliyokuwa imekauka kama udongo, nikapaka mpya, nikaiweka juu ya mazabodi. Feni ya Intel ina miguu minne ya plastiki, unabonyeza inaingia kwenye matundu manne inalia tak. Mguu wa kwanza ukaingia. Wa pili, wa mshazari, hauingii, unagusa ukingo wa tundu unateleza. Nikageuza. Nikabonyeza kwa dole gumba mpaka mazabodi ikapinda kidogo katikati, moyo ukaniambia acha. Nikachukua rula ya shuleni ya binti yangu nikapima: miguu ya feni iko milimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine, matundu ya mazabodi yako milimita 78. Milimita tatu! Intel walibadilisha soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, kwenye kizazi cha kumi na mbili, na matundu ya feni wakayasogeza. Feni ya miaka ya nyuma haikai mpaka uwe na kishikio chake maalumu. Mguu mmoja niliuvunja kwenye ule ubishi.

Feni mpya, elfu thelathini na tano na nauli ya basi, siku nne kusubiri.

Feni imefika, nimefunga kila kitu, nimechomeka waya wa HDMI nyuma ya mazabodi, nikawasha. Feni zinazunguka vizuri, taa ya kibodi inawaka, monita inasema hakuna signali. Nikazima nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikatoa ramu moja nikaacha moja. Nikaazima monita ya jirani wa steshenari, hivyo hivyo. Saa sita usiku nimekaa chini sakafuni na tochi ya simu nachungulia ndani ya kasha kama mtu aliyeangusha sindano.

Asubuhi nikampelekea fundi mmoja. Sina ubaya naye, simu anazitengeneza vizuri, ila hii hakuijua. Alikaa nayo siku mbili, akasema mazabodi imekufa, nimuachie ainunue kama spea. Elfu ishirini ya uchunguzi. Na nilikuwa karibu kukubali, wallahi, nilishaanza kumtafuta muuzaji nimshushie maneno kwamba kaniuzia mazabodi mbovu.

Jioni yake dogo kapiga simu kwa mambo yake mengine ya ada, nikamsimulia. Kanyamaza kidogo.

"Anko, nisomee prosesa ilivyoandikwa."

"Core i5-12400F."

"Na grafiki kadi umeweka gani?"

"Grafiki kadi ya nini?"

Akacheka mpaka simu ikapiga kelele. Kisha akanielezea taratibu kama anaongea na bibi yake. Ile F mwishoni inamaanisha sehemu ya grafiki haifanyi kazi kwenye hiyo prosesa, kwa hiyo lile tundu la HDMI nyuma ya mazabodi lipo tu kama dirisha lililochorwa ukutani. Mashine yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, haina tu kitu cha kuchorea picha.

Nitaje herufi nyingine hapa hapa maana ndizo zinazoliza watu. Kwa Intel, F haina grafiki ya ndani, K ni ile unayoweza kuiongeza spidi mwenyewe na haiji na feni, T ni ya kula umeme kidogo na imepunguzwa mwendo. Kwa hizi Ryzen za 5000, G ndiyo yenye grafiki ndani, isiyo na herufi kama 5600 tupu haina grafiki kabisa. Na kuna mtego: 5600 tupu na 5600G siyo prosesa moja iliyotolewa grafiki. 5600 tupu ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 32, 5600G ina 16, na njia yake ya kwenda kwenye grafiki kadi ni ya toleo la tatu wakati 5600 ni la nne. Kwa hiyo kama tayari una kadi yako nzuri, kuchukua 5600G ni kulipia kitu usichokitumia na kupata kashe nusu.

Hapa kwetu wakati ule grafiki kadi ya maana sikuiona dukani. Nikaagiza tena Dar, GTX 1650 iliyotumika, laki tatu na arobaini. Niliichagua hiyo kwa sababu zile za wati 75 hazihitaji waya wa ziada wa umeme, zinavuta kutoka kwenye mazabodi, na pawa saplai yangu ilikuwa ya kuungaunga. Kwa hiyo kwa kuokoa elfu themanini nimetoa laki tatu na arobaini, elfu thelathini na tano ya feni, elfu ishirini ya fundi, na karibu wiki mbili na nusu bila mashine, na hizo zilikuwa wiki za harusi za baada ya Idi mwaka 2023. Kazi mbili nilimpa mwenzangu wa Gungu tugawane, nikaambulia robo.

Kwenye likizo dogo akaja nyumbani, na sipiyu yake. Kaizungushia blanketi kaipakata kwenye basi kutoka Dodoma. (Tunaita kasha zima sipiyu, najua, na prosesa yenyewe ndiyo hasa sipiyu, lakini hata mimi nitaendelea kuita hivyo.) Tukaziweka meza moja, ndiyo nikapata kulinganisha kwa macho yangu, na hapa ndipo pana faida kuliko yote niliyosoma kwenye simu.

Kwanza tulitumia Cinebench R23, ile programu ya kupima nguvu ya prosesa peke yake. Yake ilikuwa inacheza kwenye elfu kumi na moja, yangu elfu kumi na mbili na kitu. Yaani Intel mbele kwa kama asilimia kumi na kidogo. Kisha tukachukua kazi ya kweli, send-off ya dakika kama arobaini, nimeshaikata na kuipaka rangi, tukarenda kwenye mashine zote kwa prosesa tupu bila msaada wa grafiki. Yake ikatumia dakika 41, yangu 36. Dakika tano. Nikamwangalia, akaniangalia, hakusema kitu lakini nilijua anachofikiria, kwamba kwa hela niliyotoa tofauti ni muda wa kunywa chai.

Tukaruhusu grafiki zisaidie. Hapo hadithi ikageuka, yangu ikatoka dakika 13, yake 24. Lakini hiyo siyo prosesa, hiyo ni ile kadi ya laki tatu na arobaini. Ndiyo maana mtu akikwambia "mashine yangu ya i5 inarenda dakika kumi na tatu" muulize ina kadi gani kabla hujaenda kununua i5.

Kwenye kuediti kwenyewe, kuburuta video mbele na nyuma, yangu ilikuwa laini zaidi, yake inakwama kwama ikiwekwa rangi na mapambo mengi. Tulipochungulia tukakuta dogo ana ramu moja ya 16GB. Grafiki ya ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye ramu ya mashine, na ramu moja ni kama barabara ya njia moja. Tukachomoa zile zangu mbili za 8 tukaziweka kwake. Gemu lake la mpira lililokuwa linaruka ruka likatulia, na hata kuediti kukawa na nafuu unayoiona. GB ni zile zile 16! Kwa hiyo ukichukua 5600G nunua ramu mbili pacha hata kama bajeti ni ndogo, na ujue kwamba grafiki inajikatia sehemu yake humo, ukiona Windows inasema huna 16 kamili usiende kugombana na muuzaji.

Umeme sasa, maana huku kwetu mtu akikuuliza habari ya kompyuta swali la pili ni umeme. Miaka tuliishi na jenereta za dizeli mkoa mzima kabla ya gridi ya taifa kutufikia, na ile tabia ya kuhesabu wati haijatutoka. Nina kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma wati. Tukirenda, mashine ya dogo ilikuwa inavuta kama 100, yangu na kadi yake kama 160. Nikapiga hesabu: tofauti ya wati 60, masaa sita kwa siku, siku 26, ni kama uniti tisa na nusu kwa mwezi, na sisi wa biashara uniti moja tunanunua kama shilingi 356. Shilingi elfu tatu na mia tatu hivi. Ni sahani ya ugali na mgebuka, kwa mwezi mzima. Nilitegemea ije kubwa zaidi, kwa hiyo hoja ya "Intel inakula umeme" kwa matumizi yangu haina uzito kwenye hela.

Ila kwenye UPS ina uzito. UPS yangu ni ile ndogo ya 650VA. Tulizima umeme makusudi mashine zikiwa zinarenda: yake ilikaa dakika kama kumi na nne, yangu saba. Dakika kumi na nne mara nyingine umeme unakuwa umesharudi. Kwa mtu anayetumia sola au betri hiyo tofauti ni kubwa na ningemwambia achukue 5600G bila kufikiri.

Ryzen nayo ina visa vyake, nisionekane nimehamia. Dogo kule Dodoma alinunua mazabodi ya B450 iliyotumika, prosesa ikagoma kuwaka kabisa, kumbe BIOS, ile programu ndogo ya mazabodi inayowasha mashine, ilikuwa ya zamani kabla ya Ryzen 5000, ikabidi atafute mtu mwenye Ryzen ya kizazi cha nyuma waiweke kwanza ndiyo waupdeti. Ukinunua mazabodi ya AM4 (soketi ya hizi Ryzen) iliyotumika mwambie muuzaji aiwashe na Ryzen 5000 ukiona.

Na siku moja kabla hajaondoka tukasema tusafishe vumbi, tubadilishe na pesti. Dogo akalegeza feni akaivuta juu, na prosesa ikaja nayo. Imeng'oka kwenye soketi imeganda chini ya feni kama kisamvu kilichogandia sufuria, na kishikio cha soketi bado kimefungwa. Prosesa za AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, 1,331, nyembamba kama nywele za mswaki. Kona moja pini saba zilikuwa zimelala. Dogo alikaa chini hana rangi usoni. Nilichukua wembe mpya, nikaingiza katikati ya mistari ya pini, naivuta moja moja taratibu isimame, nikirudia kwa upande wa pili, binti yangu kashika tochi na amekatazwa kupumua. Karibu saa nzima. Tukairudisha, ikadondoka yenyewe kwenye soketi bila kusukumwa, ikawaka. Tangu hapo sheria ni hii: washa mashine ifanye kazi dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa umeme, kisha feni izungushe kulia na kushoto kabla ya kuinua. Kwa Intel pini ziko kwenye mazabodi, kwa hiyo huko ukikosea unaua mazabodi, usifurahi sana.

Kuna kitu kimoja nilikigundua baadaye sana, na hiki ni cha wapiga video wenzangu. Mwenzangu wa Gungu alinunua kamera mpya inayorekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, aina ya video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Akaniletea kazi nimsaidie kuediti. Mashine yangu, na kadi yake, ikagwaya, picha inatembea kama inapanda mlima. Tukajaribu kwenye kompyuta ya jirani wa steshenari yenye i5-12400 ya kawaida, isiyo na F, haina kadi yoyote, ikacheza laini. Ni kwa sababu grafiki ya ndani ya Intel ya kizazi kile inaifungua hiyo aina ya video yenyewe, GTX 1650 haiwezi, na 5600G haiwezi. Ile ya laki nne na nusu niliyoikataa. F ikanila mara ya pili.

Kwa hiyo nilimwambia jamaa wa Kasulu hivi. Alisema ana laki tisa, hana kadi, anafanya kupiga picha za pasipoti, kuchapa, na video fupi za mara moja moja, nyumbani ana sola. Nikamwambia chukua 5600G, ramu mbili za 8, lala usingizi. Baadaye akipata hela mazabodi hiyo hiyo ya AM4 inapokea 5700X yenye viini nane, ila hiyo haina grafiki, kwa hiyo aikumbuke kadi. Angekuwa anaishi kwa video kila siku ningemwambia i5-12400 bila F, aanze nayo hivyo hivyo, kadi aje aongeze. Na 12400F ni prosesa nzuri, sijutii spidi yake, ni ya mtu ambaye tayari kadi anayo mkononi, siyo ya mtu anayeokoa elfu themanini.

Akaniuliza, "Sasa kaka, nikimkuta muuzaji anasema hamna tofauti?" Nikamwambia mwombe akupigie video, aweke prosesa kwenye mazabodi, achomeke monita kwenye mazabodi hiyo, uone picha. Asipotaka, tafuta mwingine.

Ile i7-3770 nimempa binti yangu ya kuchapia kazi za shule, ikabidi niinunulie feni nyingine. Ile yenye mguu uliovunjika iko juu ya meza ya wateja, inazuia risiti zisipeperuke.